Vyuo Vinapopiga Debe

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wazazi mliofunga biashara mapema ili mfike, na nyinyi vijana wa kidato cha sita mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: Nimeambiwa nina saa moja. Mwalimu kuambiwa ana saa moja ni sawa na kondakta kuambiwa gari limejaa. Anasikia, lakini bado anaona nafasi.

Nianzie Mnazi Mmoja. Kila mwaka, mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakiwa bado ya moto, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, huandaa maonyesho ya vyuo kwenye viwanja vile. Wengi wenu mmeyaona: mahema yamepangwa mistari, muziki wa hema hili unashindana na wa hema lile, vijana waliovaa fulana za chuo wanagawa vipeperushi hadi kwa wauza maji. Kwa miaka kadhaa nilikuwa ndani ya hema mojawapo, mjumbe wa kamati ya udahili ya chuo ambacho sitakitaja. Kazi niliyopewa, na shahada zangu zote, ilikuwa kumvuta kijana kabla hema la jirani halijamvuta. "Dogo, kombi gani? PCB? Umefika nyumbani." Akipita wa tahasusi ya HGL: "HGL? Umefika nyumbani." Akipita wa EGM, naye alikuwa amefika nyumbani. Siku ya pili mwenzangu akaninong'oneza kwamba kilichobaki ni kupiga ubavu wa hema na kuita Mbezi, Mbezi, siti zipo. Tulicheka sana. Jioni, nilipokuwa nahesabu fomu tulizojaza, sikucheka.

Ukitoka viwanjani hapo, hatua chache tu, uko Mtaa wa Lumumba. Ni kwenye mtaa huo, ndani ya jengo la TANU, ambako tarehe 25 Oktoba 1961 kilianza Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, na wanafunzi walikuwa 13. Wale 13 hawakuitwa na mtu kwa spika. Walitafutwa kwa tochi, kwa sababu nchi ilikuwa inakaribia kujitawala na mawakili wazalendo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Kati ya tochi ile na spika hizi kuna zaidi ya miaka 60, na swali moja ambalo tumekuwa tukilijibu nusu. Nani anafaa kumchagua mtu wa kuingia chuoni, na aliyechagua akikosea, nani analipa? Nusu ya kwanza tumeijibu kwa namna tatu tangu Uhuru. Nusu ya pili hatujaigusa, na ndiyo iliyonileta hapa.

Jibu la kwanza lilitokana na ugomvi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, uliowataka wasomi watumikie taifa kwa muda huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikikatwa. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akasoma mabango yao, akasikiliza risala yao, akapandwa na hasira. Karibu 400 walirudishwa makwao siku zile, na yeye mwenyewe akajikata mshahara kwa asilimia 20. Kilichomchoma, kwa ninavyoelewa mimi, ni hofu kwamba taifa limefuga tabaka la watu wanaodhani wamechaguliwa kwa ajili ya kula.

Hofu ile ilipata umbo la sera Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma. Azimio la Musoma lilisema kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, kiwandani, ofisini au shuleni, ndipo aombe nafasi. Na maombi yake yaambatane na maoni ya mwajiri na ya tawi la chama. Cheti cha mtihani peke yake hakikutosha tena. Waliokaa na mtu kazini ndio walioulizwa: huyu ni mtu wa namna gani?

Najua wasomi wenzangu hulicheka Azimio hili, na zipo sababu za kulicheka. Barua ya tawi ilitegemea kama mwenyekiti wa tawi ameamka vizuri. Mwajiri mwenye karani hodari hakuwa na haraka ya kumwachia. Na wasichana waliumia zaidi ya wote: miaka miwili ya kazi baada ya JKT iliangukia umri uleule wa kuposwa na kuzaa, idadi yao chuoni ikaporomoka, na baada ya miaka michache serikali ikalazimika kuwaondolea wao sharti hilo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mpango mzima ulikuwa umefifia. Lakini mimi, tofauti na wenzangu, silicheki lote. Nimewahi kufundisha watu waliopita njia ile walipokuja kuongeza shahada ya pili. Ukiwauliza kwa nini walisoma walichosoma, walikuwa na jibu. Vijana wangu wa sasa nikiwauliza, wengi hunijibu: "Mwalimu, ndiyo niliyopangiwa."

Neno hilo, kupangiwa, linatuleta kwenye jibu la pili.

Kufikia miaka ya 2000 vyuo vilikuwa vimeongezeka, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, na kila kimoja kilichagua wanafunzi wake kivyake. Kijana mwenye pointi nzuri alichaguliwa na vyuo vitatu, akashikilia nafasi zote tatu hadi siku ya kuripoti, na wenzake wawili wakakaa nyumbani wakidhani vyuo vimejaa. TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ikaamua kumaliza fujo hiyo kwa kompyuta. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 maombi yote yalipita mlango mmoja. Kijana aliorodhesha programu anazozitaka kwa mpangilio wa kipaumbele, mfumo ukapanga watu kwa ufaulu wao, na orodha zikatumwa vyuoni.

Kwa haki, mfumo ule ulifuta mambo mengi mabaya. Vimemo vilikufa. Mtoto wa Nanjilinji aliyekuwa na pointi nyingi kuliko mtoto wa bosi alimpita mtoto wa bosi, na hakuna simu iliyoweza kumshusha. Kompyuta haina binamu. Tatizo ni kwamba haina pia masikio. Chuo kilipokea majina mia mbili ya watu ambao hakikuwahi kuwauliza chochote, na wao walipokea jina la chuo ambacho pengine walikiweka nafasi ya tano ili kujaza karatasi. Kijana aliyetaka uhandisi akajikuta kwenye ualimu, akamaliza ualimu, akaingia darasani, na watoto wetu wakafundishwa Fizikia na mtu aliyekasirika. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza utaratibu huo ukome, vyuo vichague vyenyewe na vijana waombe moja kwa moja. Mwaka huohuo TCU, baada ya ukaguzi, ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mambo hayo mawili yaliyokuja pamoja yanaeleza tulipofika: vyuo viliachiwa uhuru wa kuchagua katika msimu uleule ambao vingine vilionekana havifai kuchagua.

Hilo ndilo jibu la tatu, la soko, na tuko ndani yake hadi leo. TCU imebaki na kazi mbili kubwa upande huu. Ya kwanza ni kuweka kizingiti: kwa mwombaji wa kidato cha sita, ufaulu katika masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1, kwa hiyo D mbili zinatosha kukufikisha mlangoni, ingawa programu nyingi zinadai zaidi. Ya pili ni kutenganisha waliochaguliwa na zaidi ya chuo kimoja. Hao hutumiwa namba maalumu kwenye simu, nao hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu. Dirisha la kwanza likifungwa na nafasi zikabaki, linafunguliwa la pili, na mara nyingine la tatu.

Kwenye kuthibitisha ndipo debe linapopigwa kwa nguvu zote. Maonyesho ya Julai ni utangulizi tu. Kijana aliyechaguliwa na vyuo vinne anapigiwa simu na watu wanne kwa siku, wengine wanamwita mwanangu kabla hawajajua jina lake. Anaahidiwa hosteli. Anaahidiwa kupunguziwa ada. Nimesikia mmoja akiahidiwa kwamba chuo kiko karibu na bahari, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa na halikumsaidia chochote kwenye Takwimu. Pembeni yao wapo mawakala wa vyuo vya nje, wa India, Uturuki na kwingineko, ambao kisheria wanapaswa wawe wamesajiliwa na TCU. Mzazi, kabla hujauza kiwanja, uliza usajili huo. Na wakati kelele zote hizi zinaendelea, vijana wengi waliomaliza kidato cha sita wako makambini JKT kwa mujibu wa sheria, wanaamka alfajiri kukimbia mchakamchaka, na simu si kitu cha kushika wakati wowote.

Nisije nikaonekana nalia peke yangu, tuvuke mipaka kidogo. Makerere, kule Uganda, ilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1998, na kwa muda pesa zile zilijenga maghorofa na kuongeza mishahara. Kenya ilikuja na chombo chake cha kupanga wanafunzi, KUCCPS, kilichochukua nafasi ya bodi ya zamani ya pamoja ya udahili, na kigezo cha kuingia chuo kikuu kikabaki wastani wa C+ kwenye mtihani wa KCSE. Mwaka 2015 waliopata C+ na zaidi walikuwa 169,492. Wenye A kamili walikuwa 2,685. Watu walinong'ona kuhusu mitihani inayovuja, lakini vyuo havikunong'ona, vilikuwa vinapokea. Kisha akaja Waziri Fred Matiang'i, na George Magoha akiongoza Baraza la Mitihani, wakafunga mianya kwa kufuli za kweli kwenye makontena ya kweli. Mwaka 2016 wenye A kamili wakawa 141. Wa C+ na zaidi wakashuka hadi 88,929, na mwaka 2017 hadi 70,073.

Tazameni kilichofuata, kwa maana ndicho kinachonikosesha usingizi. Idadi hiyo iliweza kuingia yote kwenye nafasi zinazolipiwa na serikali, na vyuo ambavyo bajeti zao zilikuwa zimejengwa juu ya wanafunzi wa kujilipia vikabaki na madarasa matupu na madeni. Hakuna chuo kilichowahi kusema kwamba kilikuwa kikichagua watu ambao mtihani safi usingewachagua. Pengine hakikujua. Chuo kinachokula kwa idadi hakina sababu ya kuangalia sana sahani.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba uchaguzi unafanyika kwenye dirisha la udahili. Sasa naomba niwaudhi maofisa udahili wenzangu: kwa sehemu kubwa sisi tunasoma orodha iliyokwisha kuchaguliwa kwingine.

Julai moja alikuja hemani kwetu binti mwenye divisheni wani ya HGL, tahasusi isiyo ya sayansi. Hakuvutwa na mtu, alikuja mwenyewe, amebeba cheti ndani ya faili la plastiki kama anabeba yai. Alitaka kusoma udaktari. Nikamweleza kwamba udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia. Akasema anajua, lakini amefaulu vizuri sana, na pengine kuna namna. Nikamuuliza kidato cha nne alipata nini Fizikia. Akasema shule yao haikuwa na mwalimu wa Fizikia, walikuwa wanafundishwa na kaka mmoja wa kujitolea, na alipopata ajira akaondoka mwezi wa tano. Kwa hiyo kwenye selform, fomu ile ambayo mtoto wa miaka kumi na sita anachagua tahasusi, hakuwa na cha kuchagua upande wa sayansi. Nilimwambia ukweli, akanishukuru kwa adabu, akaondoka. Alikuwa ameachwa nje miaka miwili kabla ya kukutana na mimi, na aliyemwacha hakuwa na kamati, kigezo, wala dawati la kupelekea rufaa.

Wale mliojibanza nyuma mnaelewa ninachosema. Kombi ndiyo udahili wenyewe. Mwaka 2024 serikali ilipanua tahasusi kutoka 16 hadi 65, na mimi niliipokea hatua hiyo kwa furaha na kwa wasiwasi mkubwa. Furaha, kwa kuwa mtoto anayependa michezo, muziki au Kichina sasa ana njia. Wasiwasi, kwa kuwa kila tahasusi mpya inahitaji chuo kiseme wazi inafungua programu gani na inafunga ipi, na kiseme kabla mtoto hajajaza fomu. Kumwambia baada ya miaka miwili ni kumfanyia alichofanyiwa yule binti.

Upo mchujo mwingine baada ya dirisha, nao nitaupitia mbiombio kwa sababu kila familia hapa inaujua kuliko mimi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, haimchagulii mtu chuo. Lakini ukitazama barua ya udahili ya mtoto wa mamantilie bila jina lake kuwa kwenye orodha ya Bodi, unatazama karatasi nzuri tu. Mara ngapi nimeona jina limepita TCU, limepita chuo, limebandikwa ukutani, na mwenye jina hakuripoti! Kwenye takwimu zetu huyo tuliandika hakuonekana. Alionekana sana, kwao, akichota maji.

Sasa nifike ninakotaka kufika, kwenye malipo.

Mwaka 2016, mwezi Mei, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa Stashahada Maalumu ya Ualimu wa Sayansi waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Wahadhiri walikuwa wamegoma kuwafundisha wakidai malipo yao, kisha hoja ikageuka ikawa sifa za wanafunzi wenyewe: kwamba wengi hawakustahili kuwa chuo kikuu. Likatamkwa neno ambalo limebaki kwenye lugha yetu ya siasa, vilaza. Vijana walionekana wamelala stendi na masanduku yao. Baadaye walichambuliwa, wengine wakapelekwa vyuo vya ualimu kumalizia. Mimi sina ugomvi na mtu anayesema kiwango kilindwe. Ninauliza tu: wale vijana walijidahili? Walivunja geti la chuo usiku? Mpango ulibuniwa na watu wazima, vigezo viliwekwa na watu wazima, barua zilisainiwa na watu wazima waliokuwa na magari. Ulipoonekana umekosewa, aliyefungasha ni mtoto.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu ni wa fani iliyoanzia palepale Lumumba. Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kufundisha mwaka 2008. Mtu akimaliza shahada ya sheria katika chuo chochote kinachotambulika, akitaka kuwa wakili, hupita hapo. Oktoba 2022 yalitoka matokeo yaliyotikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342. Waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, walikuwa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Mjadala mnaukumbuka. Wengine walisema Taasisi inakomoa. Wengine walisema vyuo vinazalisha mawakili wasiojua kuandika hati ya madai. Wengine wakalaumu Kiingereza, wengine simu za mkononi. Sikusikia mtu akifuata mkondo kwa kurudi nyuma, jina kwa jina. Kila mmoja wa wale 265 alikuwa na barua ya udahili kutoka chuo fulani. Chuo hicho kilimtazama, kikasema huyu anafaa sheria, kikapokea ada yake kwa miaka mitatu au minne, kikamvalisha joho, kikapiga naye picha. Kama alikuwa hafai, kilidanganya mwanzo. Kama alikuwa anafaa, kilimharibu katikati. Hakuna tafsiri ya tatu inayokiacha chuo kikiwa safi, isipokuwa ile ya kwamba mtihani wenyewe ulikuwa mbovu, na hata hiyo chuo kilipaswa kuja mbele kuitetea kwa kuwasimamia watu wake. Vingapi vilikuja? Muuza mchele wa Kyela akikuuzia kilo kumi ukakuta mawe kilo mbili, unarudi sokoni na anakufidia, maana kesho anakutaka tena. Sisi tuliotia sahihi barua zile hatukumwona mteja akirudi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la sokoni, kwa kuwa tumekubali kuishi sokoni. Kila chuo kilazimishwe kutangaza, kwenye kipeperushi kilekile cha Mnazi Mmoja na kwa herufi kubwa kama za neno karibu, kwamba mwaka fulani kilipokea watu wangapi kwenye programu fulani, wangapi wamemaliza kwa wakati, wangapi wamedisko, wangapi wameondoka kwa kukosa ada. Kwa fani zenye mtihani wa nje, sheria, uhasibu, udaktari, uuguzi, kiongeze wangapi wamepita mtihani huo mara ya kwanza. Na pale ambapo ukaguzi utaonyesha kwamba mwanafunzi alipokelewa bila sifa ambazo chuo chenyewe kilizitangaza, ada ya mwaka wa kwanza irudi kwa aliyeilipa, awe mzazi au Bodi.

Mwenzangu mmoja niliyemsomea maneno haya jana alinipinga, na hoja yake ni nzito. Alisema ukivihukumu vyuo kwa wanaomaliza, vitakimbilia wenye A tu, na binti wa HGL wa kesho atapigwa teke kabisa. Au vitafaulisha kila mtu ili takwimu zipendeze. Nakiri hatari zote mbili zipo. Ya pili ndiyo inayonifanya nisisitize mitihani ya nje, ambayo chuo hakiwezi kujisahihishia. Ya kwanza ina dawa ambayo tuliigundua sisi wenyewe kisha tukaitupa kabatini.

Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliona wasichana kwenye kitivo cha sayansi ni wachache mno. Jirani, Makerere, tangu mwaka 1990 walikuwa wanawaongezea wasichana wote pointi 1.5, njia ambayo ilileta wanawake wengi chuoni pamoja na maneno mengi ya wanaume. Mlimani walifanya tofauti. Waliwaita wasichana waliokosa nafasi kwa tofauti ndogo, wakawafundisha masomo ya sayansi kwa wiki kadhaa, wakawapa mtihani, na waliofaulu wakaingia. Chuo Kikuu Huria nacho kina programu yake ya msingi inayofanana kwa wazo: ingia, fundishwa, upimwe, ndipo tuzungumze shahada.

Napenda njia hii kuliko zote nilizozitaja leo, na sababu yangu ni rahisi. Azimio la Musoma lilimuuliza mwajiri. Kompyuta iliuliza cheti. Soko linauliza mfuko. Katika njia hii, mwalimu atakayemfundisha mtu miaka mitatu anamfundisha kwanza wiki kadhaa, anamwona anavyokosea, anavyouliza, anavyorudia swali lilelile kesho yake akiwa amelipata. Ni ghali. Hakuna chuo kinachoweza kuifanya kwa waombaji wote. Lakini kwa wale walio ukingoni, pointi moja chini au tahasusi moja pembeni, chuo kinachoona haya kumwaga pesa kwenye wiki hizo kisione haya kupunguza idadi ya fulana.

Nimebakiza dakika chache na mwenyekiti ameanza kutazama saa kwa namna ya kunionyesha anatazama saa.

Mara ya mwisho nilipokwenda Mnazi Mmoja sikuwa na hema. Nilikwenda kama babu, na mjukuu. Tulisimama kwenye foleni ya chuo kimoja nyuma ya mama mmoja aliyevaa kitenge, mwanawe wa kiume kando yake ameinamia simu. Zamu yao ilipofika, kijana wa hemani akaanza: kombi gani, pointi ngapi, mmefika nyumbani. Mama akamsubiri amalize. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa, waliokuja kusomea uhasibu hapa miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na wamebaki wangapi. Kijana akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama kompyuta. Akaja mkubwa wao, akarudiwa swali, akatabasamu, akainama chini ya meza.

"Mama," akasema, "ngoja kwanza nikupe kofia."